Kaza ya Evarist

Adela mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, maana uko chumba cha pili unabishana na zipu ya begi, na mama yako anakukataza kulikalia lisije likapasuka. Yangu umeiona mwenyewe. Katikati ya chakula niliinuka, nikaacha ugali wangu, nikasema nakwenda kuangalia kama geti la gereji limefungwa. Geti lilikuwa limefungwa. Nilikaa huko ndani juu ya tairi mpaka mlipomaliza kula.

Sijui kama unakumbuka ulichosema kabla sijainuka. Pengine hukumbuki, kwa sababu hukusema kitu kikubwa. Mama yako alilalamika kwamba meza inacheza. Ukainama, ukautikisa mguu wake, ukacheka: "Hii nayo imekazwa kaza ya Evarist." Mama yako akanitazama, kisha akatazama sahani yake.

Sikulaumu. Msemo huo umeukuta. Kuanzia Rusumo mpaka Lusahunga, fundi akikuta nati inayocheza husema hivyo, na dereva akisikia chuma kinagonga chini ya gari husema hivyo. Umeusikia gerejini kwangu tangu hujang'oa meno ya utoto, ukaenda nao chuoni, na likizo moja ulinisimulia kwa furaha kwamba hata wenzako wa Tabora na Songea sasa wanausema. Nafikiri Evarist kwako ni kama Sungura wa hadithi, kiumbe ambaye hakuwahi kuvaa viatu. Evarist alikuwa mtu. Alikuwa rafiki yangu, na jina lake lilitoka kwenye mdomo wangu mimi ndipo likaingia barabarani.

Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kazi kwa watu huko Kahama. Ya kula, ya kulala, ya mvua na ya wanaume mama yako ameshayamaliza, tena kwa sauti, nimesikia. Mimi nina hili moja tu, na limenikaa miaka kumi na sita.

Gereji hii tuliianza wawili. Mimi nilitoka Rulenge, yeye alitoka Bugarama, tukakutana hapa Benaco kwa sababu malori yalikuwa yanalala hapa na hapakuwa na fundi wa kuaminika. Tulikuwa na spana za kawaida, jeki moja iliyovuja mafuta, na kiburi cha vijana. Basi. Wewe umefundishwa kwenye karakana yenye vifaa vilivyopangwa ukutani, kila kimoja na kivuli chake kimechorwa rangi, kwa hiyo labda hutanielewa nikikuambia kwamba injini ya lori haitaki spana za kawaida. Inataka vifaa vyake. Pistoni hairudi ndani ya silinda mpaka uzibane ringi zake. Sisi tulikata debe la mafuta ya kula, tukalizungushia waya, likawa kibanio. Slivu ya silinda, lile ganda lake la ndani, haitoki kwa kubembelezwa. Tulichukua parafujo la jeki iliyokufa na kipande cha bati nene, tukaivuta navyo. Nafasi ya valvu hupimwa kwa vile vibati vyembamba vya fila ulivyo navyo wewe kwenye kimfuko cha ngozi. Sisi tulipanga nyembe nne za kunyolea, moja juu ya nyingine. Ulinicheka siku nilipokuonyesha nyembe zile. Nilicheka na mimi, lakini ujue zilikuwa akili za Evarist, na injini zilinguruma.

Kilichotushinda ni kukaza. Kitabu cha injini kinasema bolti hii ikazwe kwa nguvu kiasi hiki, ile kwa kiasi kile, na spana ya kipimo, hiyo mnayoiita toki, tulikuwa tumeiona mara moja tu kwenye gereji ya kampuni ya barabara, ndani ya sanduku lake, mlinzi akatuambia tusiiguse hata kwa macho. Mafundi wengine walikaza kwa mkono, wakisema mkono unajua. Evarist alikuwa anakasirika akisikia hivyo. "Mkono unajua nini?" alikuwa anasema. "Mkono wa asubuhi siyo wa jioni. Mkono ulioshiba siyo wa njaa."

Alikuwa amemaliza kidato cha nne, mimi niliishia la saba. Siku moja alichukua bomba la maji la chuma, akalichomeka kwenye mpini wa soketi, akapiga hesabu kwa kalamu ya risasi ukutani, kisha akalikata bomba alama tatu kwa tupa. Ya mbali ilikuwa ya bolti za krenki, ya katikati ya hedi, ya karibu ya konrodi. Halafu akavuka barabara kwenda kwa mnunuzi wa maharage, akajining'iniza kwenye mzani kama gunia. Kilo themanini na mbili. Akarudi anatembea kama mkuu wa wilaya. "Vedasto," akaniambia, "toki yetu imepatikana. Ni mimi."

Baadaye utasoma barua hii tena kwa akili ya kifundi, kwa hiyo nikueleze vizuri. Tulikuwa tunailaza injini ubavu juu ya magogo na kuifunga minyororo ili bolti zitazame pembeni. Bomba linakaa mlalo. Mimi nashika soketi isichomoke. Evarist anashika bomba kwenye alama, ananyanyua miguu polepole, ananing'inia. Bomba likishuka naye, bolti bado. Likigoma naye akiwa hewani, mimi nasema, "Imefika," anashuka, tunakwenda bolti nyingine. Uzito ule ule, umbali unaotakiwa. Mwalimu wako wa chuo akisikia atacheka, kisha akae chini apige hesabu, aone kwamba hakuna la kucheka.

Tulifunga injini nyingi kwa njia hiyo na hazikurudi. Wewe ulikuwa mdogo, na Evarist alikuwa na mchezo wa kukuning'iniza kwenye mzani wa maharage kila akikukuta barabarani. Ukishushwa ulikuwa unalia kutaka kurudishwa. Hukumbuki, nilikuuliza mwaka jana kwa kuzunguka ukasema hukumbuki.

Kisha akaanza kupungua. Hakupungua kwa siku moja, na ovaroli yake ilikuwa pana, lakini kifundo cha mkono hakijifichi. Niliona ametoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari, kisha jingine. Mchana alikuwa ananisogezea nusu ya chakula chake, anasema ameshiba. Nikamtania: "Evarist, Kwaresima imekwisha. Au umeanza kufunga ya mwakani?" Akacheka, akasema anawaachia nafasi wenye vitambi. Nilifurahi alipocheka, Adela. Nakuambia ukweli wangu ulivyo: nilifurahi, kwa sababu akishacheka basi mimi sina haja ya kuuliza tena. Nilimtania hivyo miezi mingi. Watu walituona marafiki wanaotaniana, na tulikuwa hivyo, ila utani wangu ulikuwa mlango ambao nimeufunga na kuuegemea.

Ndipo likaja lori la mzee mmoja wa Biharamulo. Injini ilikuwa inanoki, inagonga vibaya ndani, tukaishusha, tukafungua yote. Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye bolti za konrodi. Unazijua kuliko mimi sasa: ndizo zinazoushika ule mkono wa pistoni kwenye krenki, na hakuna bolti ndani ya injini inayoteseka kama zile. Evarist alichukua moja ya zamani, akaisimamisha mezani karibu na mpya tuliyokuwa nayo ya mfano. Ya zamani ilikuwa ndefu kidogo, kiasi cha mzunguko mmoja wa uzi wake.

"Zimevutika hizi," akasema. "Bolti ikishavutika hairudi. Tuagize Mwanza."

Kuagiza Mwanza kulikuwa ni kungoja siku mbili, labda tatu. Mzee wa lori alikuwa amekaa juu ya tairi pale pale mlangoni, anatazama saa yake, anatutazama sisi, anatazama saa yake. Alikuwa ameshasema kwa dereva wake, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba kule Nyakahura kuna fundi anayemaliza kazi kwa wiki moja. Nilichukua ile bolti, nikaipitisha kidole. "Uzi ni mzima," nikasema. "Kaza tu."

Evarist hakushika bomba. Aliniuliza, "Ziwe zangu au zako?"

"Ziwe zangu," nikasema.

"Basi ziwe zako." Akashika bomba kwenye alama ya karibu, akanyanyua miguu. Nikasema imefika. Tukafanya hivyo kwa bolti zote.

Lori lilikwenda Rusumo likarudi. Likaenda tena likarudi. Safari ya tatu, likiwa na shehena, kwenye mpando wa Nyakahura ndani ya pori, bolti moja ilikatika na konrodi ikatoka nje kupitia ubavu wa injini. Dereva alisema ilisikika kama mtu anapiga debe kwa nyundo, mara tatu, kisha kimya na mafuta barabarani. Siku zile magari yalikuwa yanapita lile pori kwa msafara na polisi, kwa hofu ya majambazi. Msafara ulimwacha. Yule dereva alikaa na gari lile siku mbili, hajui kila kichaka kina nani. Hakufa wala hakuibiwa, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, lakini injini haikuwa ya kutengenezwa tena.

Mzee alikuja na kipande cha bolti mkononi. Gerejini siku hiyo walikuwepo madereva sita au saba wanangoja malori yao, na Evarist alikuwa kwenye pipa ananawa mikono. Mzee hakusalimia mtu. Akanyanyua kile kipande, akauliza, "Nani alikaza hii?"

Evarist akanigeukia. Alinitazama tu, mikono inatiririka maji. Nilikuwa na muda wa kutosha kusema maneno mawili, bolti zangu. Nakumbuka nilikuwa na muda.

Nikasema, "Anayekaza hapa ni Evarist."

Ilikuwa kweli, unaona? Wala sikudanganya. Na ili iwe kweli zaidi nikaongeza, "Na siku hizi amepungua, si mnamwona wenyewe." Madereva wakamtazama. Mmoja akapiga kofi pajani, akasema, "Kumbe! Kaza ya Evarist!" Wakacheka wote. Na mimi nilicheka kidogo.

Msemo ulioutumia leo mezani ulizaliwa pale. Wiki ile ile ulikuwa umefika Rusumo.

Evarist alifuta mikono. Alimaliza kazi yake ya siku, akatundika ovaroli kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akanifuata. "Gereji ni yako, na mtoto wako anakula hapa," akasema. "Mimi nina shamba Bugarama." Nilimwambia asiwe mtoto, watu watasahau, arudi Jumatatu. Hata kumwomba radhi sikumwomba. Nilimwambia arudi Jumatatu.

Nikajishika kwenye uzito wake. Nilijiambia usiku na mchana: alikuwa themanini na mbili, sasa huenda hafiki sabini, kwa hiyo bolti hazikufika, kwa hiyo kosa ni lake kweli. Hesabu ilikubali. Hata nilimkasirikia, nikasema angenieleza kwamba amepungua, kana kwamba macho yangu yalikuwa yamekwenda likizo. Jumatatu haikuja, na mimi sikwenda Bugarama. Nikasikia kwa watu kwamba hospitalini wamemkuta na uvimbe tumboni, wa siku nyingi. Nikasema nitakwenda kazi ikipungua. Akafa kabla ya mavuno ya maharage.

Mkewe, Godeliva, alituma ujumbe kwamba niende na nguo zake alizoacha gerejini. Ilikuwa ile ovaroli tu. Miezi minne hakuna aliyeigusa. Niliivuta kwa mkono mmoja kama mtu anavyovuta nguo, na msumari ukang'oka ukutani pamoja nayo, ikaanguka chini kwa kishindo.

Ndani alikuwa ameshonea vifuko vya turubai kiunoni na mapajani. Humo mlikuwa na nati kubwa, ringi za beringi, nusu ya kingpini, ile pini nene ya gurudumu la mbele, kila kimoja kimezungushiwa kitambaa kisigongane na mwenzake. Kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne. Bado ninayo. Mstari wa kwanza umeandikwa: mimi 79, chuma 3. Unaofuata: mimi 76, chuma 6. Inashuka hivyo ukurasa mzima. Wa mwisho: mimi 68, chuma 14, lori la Biharamulo.

Jumlisha kila mstari. Mimi nilijumlisha nikiwa nimekaa sakafuni, nikajumlisha tena.

Kumbe kila mara kabla ya kukaza alikuwa anavuka barabara asubuhi mapema kujipima, na kilichopungua mwilini anakijazia kwa chuma. Mtu mwenye uvimbe tumboni alibeba kilo kumi na nne za vyuma, akaning'inia nazo bolti moja baada ya nyingine, ili bolti ipate haki yake. Bolti ya Biharamulo ilifika. Zote zilifika. Iliyokatika ilikatika kwa sababu ilikuwa imechoka, na aliyeambiwa zimechoka nilikuwa mimi.

Kwa nini hakusema, siku ile pale kwenye pipa? Nimejiuliza sana. Angefungua tu kifungo kimoja madereva wakaona. Nafikiri alikuwa anangoja mimi nianze. Na nafikiri alificha vyuma vile tangu mwanzo kwa sababu aliogopa utani wangu. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Nilivitoa vyuma, nikavifunga kwenye gunia, nikaifua ovaroli, nikaipeleka msibani. Godeliva akaipokea kwa mikono miwili, akainyanyua, akashangaa. "Ni nyepesi hivi? Mbona alikuwa akirudi analalamika inamwelemea mabega?"

Nikamwambia, "Ilikuwa na mafuta mengi, shemeji. Nimeifua."

Kaburini, kama ilivyo desturi, msemaji wa ukoo aliuliza kama yupo mwenye neno na marehemu, alitoe kabla udongo haujafunika. Nilikuwa nimesimama mbele, nimeshika koleo. Watu wakakohoa. Nikaanza kutupa udongo.

Mwezi uliofuata niliuza ng'ombe wawili nikanunua toki, ile ya kwenye sanduku jekundu. Mama yako hakusema nami wiki nzima, alifikiri nimerukwa na akili. Umekua ukiniona siiazimishi kwa mtu, naifuta kwa kitambaa chake peke yake, nikahisi unaniona bahili. Nilifikiri ikiingia gerejini nitapumua. Inalia ta bolti ikifika, wewe mwenyewe unaipenda ile sauti. Mimi kila ikilia nakumbuka kwamba hata siku ile ingelia. Ningeifunga kwenye zile bolti zilizovutika, ingelia ta, ningeandika kwenye kitabu kwamba zimekazwa sawasawa, na lori lingekufa pale pale mpandoni. Inajua nguvu tu. Haijui bolti imechoka, wala haijui ni nani aliyesema ziwe zangu.

Huko Kahama utakuta vifaa ambavyo mimi sitaviona maisha yangu yote, na nimefurahi, vitumie. Lakini mzee wa kukaa juu ya tairi na kutazama saa yupo kila gereji. Siku nyingine atakuwa bosi wako. Siku nyingine, na hapa ndipo nilipofikia mimi, atakuwa wewe mwenyewe. Na mwenzako akikonda muulize, hata kama atakasirika. Sina ushauri mwingine, na hata huu sikuupata kwa hekima.

Usidhani nimekaa tu. Nimekwenda Bugarama mara mbili. Mara ya kwanza nilipeleka sukari na sabuni, nikanywa chai, nikarudi. Mara ya pili nilimkuta Godeliva shambani, nikachukua jembe nikalima naye mpaka jua likazama, akanishukuru sana, nikarudi. Mara ya tatu sikuvuka Rulenge. Niliegesha pikipiki kanisani, nikakaa kwenye benchi la nyuma saa nzima, nikageuza.

Lakini lipo baya zaidi, na hili mama yako hajui. Evarist aliacha mtoto wa kiume, Kizito, umri wako. Alipomaliza shule alitaka ufundi. Alizunguka gereji za njia hii yote, kila akitaja jina la baba yake wanacheka, wanamuuliza kama na yeye amerithi kaza. Godeliva akaja hapa mwenyewe, kwa miguu kutoka stendi, akaniomba nimchukue. Alisema, "Wewe ulikuwa rafiki yake." Nikamwambia pamejaa. Pale gerejini tulikuwa wawili, Adela, na kazi ya watu watano. Sikutaka kumwona kila siku amesimama karibu na ule msumari. Sasa analima vibarua. Wewe unakwenda Kahama na cheti, na yeye analima vibarua, na akili za nyembe nne zilikuwa za baba yake.

Mama yako anajua habari ya vyuma. Alilikuta gunia chini ya kitanda akauliza ni vya nani, nikamweleza. Hakuniambia niende, wala hakuniambia nisiende. Ila tangu siku hiyo hajawahi kuutamka ule msemo, na leo ulipoutamka wewe, mtoto wetu, kwa kicheko, alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo katika nyumba hii.

Nakuomba jambo, na una haki ya kulikataa. Huko uendako, mtu akisema kaza ya Evarist, usicheke. Mwambie Evarist alikaza sawasawa, bolti zilikuwa za baba yangu. Watakuuliza baba yako ni nani, na wewe utaje. Najua ninachokuomba. Wewe ni msichana unayeanza kazi ya chuma katikati ya wanaume, jina la baba ni kitu cha kuegemea, na mimi nakuomba uling'oe kwa mkono wako mwenyewe.

Lakini siwezi kukutuma nisikokwenda. Barua hii nitakupa kesho stendi, ikiwa imefungwa, na nitakuambia uifungue basi likishapita mpando wa Nyakahura. Nimefanya hivyo makusudi. Nikishakukabidhi, nitakuwa nimeshasema, na hata nikifika Rulenge nikageuza tena, yupo mtu mmoja duniani anayejua nilikuwa nakwenda wapi. Mara tatu zile hakuwepo.

Utaniamkia pale stendi, nitaitikia, utapanda. Basi likiondoka nitalifunga gunia kwenye pikipiki. Kizito akiwepo, nitasema mbele yake. Kama baada ya hapo atataka kuja gerejini, sanduku jekundu ni lake, wala usinidai. Kama atanitemea mate, sanduku litabaki pale mpaka atakapolitaka. Godeliva sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, anaweza kuita ukoo wake, na watakuwa na haki. Nitampa kwanza karatasi. Kisha nitamwekea gunia mikononi, alishike mwenyewe, ajue kilichokuwa kinamwelemea mume wake mabega.

Ataniuliza vilikuwa wapi vyuma hivi miaka yote. Safari hii sitamwambia nimeifua.

Ni mimi baba yako,
Vedasto, mwenye zile bolti.